Aliyelifuta Joho

Kwanza alikuwa na joho.
Shigela alilichora usiku kucha, refu, lenye mikunjo,
akalileta asubuhi ofisini, Mtaa wa Rufiji,
juu ya duka la vipuri vya baiskeli,
karatasi bado ikinuka kibatari.

Bi Nkwimba hakusema kitu. Alivaa miwani,
akafungua dirisha. Upepo wa ziwa ukaingia,
ukalinyanyua pazia, ukampiga nalo usoni.
"Umeona? Huyu atanyongeka kabla hajafika Bugando."
Kalamu nyekundu ikapita. Joho likaisha.

Mimi nilikuwa mwandika herufi.
Kazi yangu viputo: kuyapima maneno ya watu
yaingie kwenye yai dogo bila kulipasua.
Kwa hiyo nilikuwepo siku ile alipouliza:
Huyu Ng'wanamawe analala wapi?
Nani anamfulia?
Akiinua lori pale Igoma, kesho yake mgongo haumuumi?
Dukani anadaiwa na nani?

Shigela akanuna siku mbili.
Ya tatu akarudi na shujaa mwenye deni la kodi, miezi minne,
anaingilia dirisha la nyuma kumkwepa mwenye nyumba,
na bega bado lina vumbi la jabali
alilolizuia lisiwaporomokee watu wa Mabatini.
Toleo lile halikufika adhuhuri.

Mwaka ule wino mwekundu uliadimika.
Sukari iliadimika, sabuni iliadimika,
nani angeulilia wino?
Malimi wa mashine, mweusi hadi viwikoni,
akakoroga buluu ya kufulia na uji wa muhogo,
akasema, tujaribu.
Damu ya shujaa ikatoka ya buluu.

Tukangoja kuchekwa.
Ikaja barua kutoka Ukerewe,
penseli, karatasi ya daftari la hesabu:
*Sasa nimeelewa. Mama yake ni ziwa.*
Bi Nkwimba akaisoma mara mbili, akaipigilia ukutani.
"Mtoto huyu ametuandikia toleo la tisa."
Na tuliliandika vilevile alivyosema.
Jina lake hatukuliweka. Mimi ndiye niliyepima nafasi,
mimi ndiye niliyesema haitoshi.
Ilitosha.

Alikuwa na kidole cha kugonga meza.
Siku moja aligonga weupe ule mwembamba
kati ya kisanduku na kisanduku.
"Hapa mguu uko chini. Hapa yuko juu ya paa.
Kuruka kwenyewe kuko wapi?"
Shigela akashika penseli: nitaongeza picha.
"Thubutu! Mwachie msomaji.
Hapo katikati ndipo wanaporuka wote wawili."

Miaka mingi nimeutazama ule weupe.
Upana wake hauzidi kijiti cha kiberiti.

Juzi vijana wameniita kwenye maonyesho.
Wamemchora upya Ng'wanamawe, kwa kompyuta,
misuli kama mafungu ya viazi,
na chini yake kibao: *Muumbaji, Shigela*.
Sikatai. Mkono ulikuwa wake.
Malimi hayumo, mtoto wa Ukerewe hayumo,
na Bi Nkwimba utamwonyesha vipi?
Aliyechora ameacha mstari;
aliyefuta ameacha nini?

Nilikuwa na ukurasa mmoja mfukoni,
ule wa kwanza, umekunjwa mara nne,
wekundu wa kalamu yake umegeuka kutu.
Nilitaka kuutoa. Kijana mwenye kipaza sauti
akanishika mkono kwa adabu, akanisogeza
nikapigwe picha mbele ya bango kubwa.

Wamemrudishia joho.
Jekundu, la kung'aa, linajaza nusu ya ukuta,
limesimama angani bila upepo wowote.

Nikageuka kutafuta dirisha la kufungua.
Ukumbi ule una kiyoyozi.
Madirisha yake hayafunguki.